Kikaratasi cha kipima ulevi kimeandika 0.42. Kinatosha kumtia mtu hatiani?

Mwanakihamba:
Wakuu, habari za jioni. Wenye kujua sheria naomba mnisaidie, na wasiojua wapite kimya kimya (najua haiwezekani).

Mdogo wangu alikuwa kwenye kipaimara huko Marangu. Wakati wa kurudi Moshi mjini akasimamishwa, akaambiwa apulize. Kapuliza mara moja. Mashine ikatema kikaratasi chembamba chenye tarehe, saa, namba ndefu ambayo nadhani ni ya mashine yenyewe, na 0.42. Jina lake limejazwa kwa kalamu. Akaambiwa amezidi, akalala ndani, kesho yake akapata dhamana. Wiki ijayo anasomewa shitaka. Yeye anasema alikunywa mbege kata moja na soda. Simtetei, mdogo wangu namjua.

Ninachouliza: hicho kikaratasi peke yake ni ushahidi? Wazee wa ukoo wameshakaa, wanasema akubali kosa, alipe faini yaishe. Mwanasheria wetu wa kijiweni naye anasema mashine haina mdomo wa kutoa ushahidi, kwa hiyo kesi hakuna. Nimebaki katikati.

Kijana wa Sakina:
Kata moja ya kunywea, au kata nzima ya Marangu Mashariki?

Mwanakihamba:
@Kijana wa Sakina nilijua utakuja wa kwanza.

Wakili wa Sekei:
Mleta uzi, wazee wamekosea na wa kijiweni kakosea, kila mmoja kwa upande wake.

Tuanze na hati ya mashitaka, maana watu wanarukia mashine kabla hawajajua wameshitakiwa nini. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ya mwaka 1973, ina makosa mawili ya ulevi yanayochanganywa kila siku. Moja ni kuendesha ukiwa umelewa kiasi cha kushindwa kulimudu gari. Jingine ni kuendesha wakati kileo kilichomo mwilini kimezidi kiwango, na kiwango hicho ni miligramu 80 za kileo katika mililita 100 za damu. Kosa la kwanza linathibitishwa kwa hali yako: gari lilikuwa linayumba, ulishuka ukashika mlango usianguke, ulimi mzito, harufu, daktari kakuona. Hapo namba ni nyongeza tu. Kosa la pili ni namba tupu. Unaweza kutembea kwenye mstari kama mwanajeshi na bado ukawa na hatia, ilimradi namba ithibitishwe.

Na hapo ndipo penye kazi. Angalia kiwango chenyewe: kimetajwa kwa damu. Mdogo wako hakutolewa damu, alitoa pumzi. Kati ya pumzi na damu lazima kuwe na daraja, na upande wa mashitaka ndio wenye kazi ya kulijenga. Mwenye kusema hakimu atajijengea mwenyewe hajawahi kukaa mahakamani asubuhi moja.

Ukitaka kuona tofauti ya makosa haya mawili inavyoweza kuzaa mzozo, vuka hapo Namanga. Kenya walitunga kanuni za kipima ulevi mwaka 2011, zikafanya kuzidi namba kuwe kosa lenyewe. Sheria mama ya Trafiki ilikuwa inazungumzia mtu aliyelewa hadi kushindwa kulimudu gari. Mwaka 2017 Mahakama yao ya Rufani ikazibatilisha zile kanuni: kanuni haiwezi kuunda kosa ambalo sheria mama haikuliweka. Kuna watu hapa Arusha bado wanaitaja hukumu ile kana kwamba inawalinda. Haiwalindi. Sheria yetu ina kiwango ndani yake tangu 1973.

Mwanakihamba:
Asante sana wakili. Hati ya mashitaka nimeisoma: "kuendesha gari huku akiwa na kiasi cha kileo kilichozidi kiwango." Hakuna kuyumba, hakuna ajali.

Wakili wa Sekei:
Basi kesi yao yote imesimama juu ya hiyo 0.42. Wakiivusha, amekwisha. Wakishindwa kuivusha, hawana kingine cha kushika.

Mzee wa Kiboriloni:
Vijana, mtu amekunywa, amekamatwa, akiri. Sheria haitaki ujanja ujanja. Sisi zamani ukilewa unaacha gari unalala kwa shemeji.

Kijana wa Sakina:
Shikamoo mzee. Zamani gari lilikuwa moja kijiji kizima.

Mzee wa Kiboriloni:
Marahaba. Na halikugonga mtu.

Maabara Moja:
Naomba nimuulize mleta uzi kitu kimoja kabla ya sheria kuendelea. 0.42 ya nini? Pembeni ya namba pameandikwaje?

Mwanakihamba:
Hakuna kitu. Ni 0.42 tu.

Maabara Moja:
Hilo ndilo linalonifanya nisilale. Mimi ni mtu wa maabara, sheria siijui, lakini namba isiyo na kizio si kipimo. Mashine hizi zinauzwa duniani kote na kila nchi inasoma kwa namna yake, na nyingi mtu anaweza kuziseti zisome kwa kizio hiki au kile. Tuipige hesabu hiyo 0.42.

Kama ni miligramu za kileo katika lita moja ya pumzi: watengenezaji wengi hutumia uwiano wa 2100 kwa 1, yaani kileo kilichomo kwenye mililita 2100 za pumzi ni sawa na kilichomo kwenye mililita moja ya damu. 0.42 mara 2100 ni miligramu 882 kwa lita ya damu, sawa na 88 katika mililita 100. Kazidi 80, ila kidogo. Uingereza wao hutumia 2300. Kwa uwiano huo anafika karibu 97.

Kama ni gramu kwa lita ya damu, ile wanayoiita promili, basi 0.42 ni miligramu 42 katika mililita 100. Hapo yuko karibu nusu ya kiwango na alipaswa kwenda nyumbani kwake akalale.

Kama ni asilimia, 0.42 ni miligramu 420. Huyo hakupaswa kulala mahabusu, alipaswa kulazwa KCMC, na angekuwa na bahati kuamka.

Namba ni ileile. Ndiyo maana nauliza ya nini.

Dereva wa Porini:
Duh! Mimi nimepuliza mara nyingi tu na sijawahi kuuliza "ya nini". Naangalia uso wa askari.

Mwanakihamba:
@Maabara Moja umenitoa jasho. Nimeitoa tena kwenye bahasha, nikaiweka kwenye mwanga wa dirisha. Juu kabisa, karibu na namba ya mashine, kuna herufi zilizofifia. Moja ni m, mbele kuna mkwaju na herufi kama l. Naona ni mg/l.

Maabara Moja:
Basi tunarudi kwenye hesabu ya kwanza, 88 hadi 97. Na hiyo karatasi inafifia kama risiti ya EFD iliyokaa kwenye dashibodi. Itolee nakala leo, usiipitishe pasi, usiifunge kwa plastiki ya moto, itageuka nyeusi yote.

Afande Mstaafu:
Nimefanya kazi ya barabarani miaka mingi, sasa nalima mahindi. Nitasema kazi inavyotakiwa ifanyike, sitasema inavyofanyika.

Ukimsimamisha mtu, jambo la kwanza si mashine. Unaongea naye, unamuangalia, unanusa. Ukipata sababu ya kumshuku ndipo unamwambia apulize. Na kabla ya kupuliza unamuuliza: mara ya mwisho umekunywa saa ngapi? Akisema "sasa hivi," unasubiri robo saa nzima. Umkalishe mbele yako, asinywe maji, asivute, asitafune, asicheue. Sababu yake ni rahisi: mtu aliyetoka kumeza bia au mbege ana kileo kwenye kinywa chenyewe, na mashine haijui kama hewa inatoka mapafuni au kwenye ufizi. Hata dawa ya kusukutua mdomo inaweza kuipandisha. Ukisubiri dakika 15 kile cha mdomoni kinaondoka, kinabaki cha damuni.

Kisha mdomo wa plastiki. Unaufungua mpya mbele ya mtu, anauona ukitoka kwenye pakiti. Unaiwasha mashine aione inasoma sifuri kabla hajapuliza. Anapuliza kwa pumzi ndefu mpaka mlio ukatike. Unamwonyesha namba. Karatasi ikitoka, jina, leseni, namba ya gari, saa. Anasaini yeye na unasaini wewe. Halafu unaandika kwenye daftari lako hapohapo, maana utaitwa mahakamani baada ya miezi minane na utakuwa umesahau kama lilikuwa Noah au Premio.

Mtu anayesema alipimwa sekunde ishirini baada ya kufungua mlango, ana hoja.

Mwanakihamba:
Shikamoo afande. Nimempigia simu sasa hivi. Anasema hakuulizwa alikunywa saa ngapi, na hakusubirishwa. Kasimama, kioo kimeshushwa, kapuliza akiwa bado amekaa kwenye kiti. Kutoka kwenye sherehe hadi pale ni kama dakika kumi za kuendesha. Na saini yake haipo kwenye karatasi.

Afande Mstaafu:
Marahaba. Basi aandike yote hayo leo, wakati bado anakumbuka. Siku ya shahidi atakuja askari mwenye daftari.

Gari Bovu:
Ushauri wa bure: kabla ya kizuizi tafuna kitunguu swaumu, au weka sarafu mdomoni, au kunywa mafuta ya kula kijiko kimoja. Mashine haisomi.

Maabara Moja:
Kitunguu kinaficha harufu kwa pua ya askari. Mashine hainusi. Kileo kinatoka kwenye damu kinaingia kwenye hewa ya mapafu kila unapopumua, na sarafu mdomoni haibadilishi damu.

Gari Bovu:
Basi mtu akatae kupuliza. Bila kipimo hakuna kesi.

Wakili wa Sekei:
Usimpotoshe mtu. Kukataa bila sababu ya msingi ni kujitafutia shitaka jingine, na hakumzuii askari kukupeleka hospitali wala kueleza mahakamani hali aliyokukuta nayo. Halafu hakimu atajiuliza kwa nini mtu asiyelewa aliogopa kupuliza.

Sasa nimjibu mleta uzi swali lake lenyewe, kikaratasi kinaingiaje mahakamani.

Kikaratasi ni kielelezo cha maandishi. Hakitembei chenyewe. Lazima kiletwe na shahidi anayekijua, na kwa kawaida huyo ni yule aliyeishika mashine. Ataeleza amefundishwaje kuitumia, mashine ilikuwa katika hali gani, alifuata hatua zipi, na karatasi imekaa wapi tangu siku ile hadi leo. Mlolongo huo wa utunzaji Mahakama yetu ya Rufani imeusisitiza tangu kesi ya Paulo Maduka na wenzake. Baada ya hapo anaomba kipokelewe. Mshitakiwa anaulizwa kama ana pingamizi, na huu ndio wakati wa kusema, si siku ya hukumu. Kikipokelewa lazima kisomwe kwa sauti mahakamani. Kesi ya Robinson Mwanjisi na wenzake ya 2003 iliweka utaratibu huu: kwanza kielelezo kisafishiwe njia, yaani kionyeshwe kinafaa, kipokelewe, ndipo kisomwe. Kikiruka hatua, kwenye rufaa kinaondolewa kwenye kumbukumbu, na kama kesi nzima ilikiegemea, inaanguka nacho.

Kwa kuwa imetoka kwenye mashine, kuna Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 pia. Haisemi kumbukumbu ya kielektroniki ikataliwe kwa sababu ni ya kielektroniki, kwa hiyo wa kijiweni na "mashine haina mdomo" yake apumzike. Inachotaka mahakama iangalie ni kama njia iliyoizalisha na kuitunza kumbukumbu hiyo ni ya kuaminika. Ndipo maswali ya dodoso, yale ya kumbana shahidi wa upande wa pili, yanapoingia: mashine hii ilihakikiwa lini mara ya mwisho? Na nani? Cheti kiko wapi? Namba kwenye cheti na namba kwenye kikaratasi ni moja? Mtu anacheka akisikia swali la namba, lakini nimeona kielelezo kikifia hapo.

Kisha lile daraja la pumzi na damu. Askari wa barabarani anaweza kusema mashine ilisoma nini. Akianza kueleza 0.42 ya pumzi ni 88 ya damu kwa sababu ya uwiano wa 2100, ameingia kwenye maoni ya mtaalamu, na Sheria ya Ushahidi inataka maoni ya namna hiyo yatoke kwa mtu mwenye ujuzi huo. Ningekuwa namtetea huyu kijana, ningekaa hapo mchana kutwa. 88 kwa uwiano mmoja, 97 kwa mwingine, na mwili wa mtu haufuati uwiano wa kiwandani. Kiwango ni 80. Nafasi ni ndogo, na shaka yenye msingi ni ya mshitakiwa.

Maabara Moja:
Naunga mkono hapo. Wastani ni wastani. Joto la mwili peke yake linaisogeza namba; mwenye homa pumzi yake inabeba kileo zaidi. Kama angesoma 0.80 nisingebishana. Kwenye 0.42 bila kipimo cha pili, mimi nisingesaini ripoti.

Dada wa Njiro:
Samahani jamani, kwani hawapimi mara mbili?

Wakili wa Sekei:
Dada, Uingereza wanafanya hivyo kwa sheria. Ile ya barabarani kwao ni ya kuchuja tu, inampa askari sababu ya kukukamata. Ushahidi unachukuliwa kituoni kwa mashine kubwa iliyoidhinishwa: unapuliza mara mbili na inahesabiwa ile ya chini. Kiwango chao, Scotland ukiitoa, ni maikrogramu 35 katika mililita 100 za pumzi, kimeandikwa moja kwa moja kwa pumzi, kwa hiyo hawana haja ya daraja. Lazima pia wakuonye kwamba ukikataa utashitakiwa. Wasipokuonya, matokeo yanaweza kukataliwa. Karatasi ya mashine unapewa nakala palepale au siku 7 kabla ya kesi, na ukitaka aliyeisaini aje mwenyewe mahakamani, unatoa taarifa siku 3 kabla.

Sisi sheria yetu imerithi sura ya kule lakini mahakamani kwetu mara nyingi mtu anahukumiwa kwa kile cha kuchuja.

Dada wa Njiro:
Kumbe. Mimi nilidhani mashine ikisema imesema.

Wakili wa Sekei:
Afrika Kusini walidhani hivyo pia. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Western Cape ilisikiliza wataalamu wa pande zote mbili siku nyingi, ikaona serikali haijathibitisha bila kuacha shaka kwamba mashine ile ilikuwa ya kuaminika na imetumika inavyotakiwa. Waendesha mashitaka wakarudi kwenye damu.

Na New Jersey, Marekani, ni kisa cha kipimajoto. Mashine zao huhakikiwa kwa kupitisha mvuke wa maji yenye kileo kinachojulikana, na maji hayo lazima yawe nyuzi 34 za Selsiasi, karibu na joto la pumzi ya mtu. Anayehakiki anatakiwa apime joto hilo kwanza kwa kipimajoto cha pembeni kinachoaminika. Afisa mmoja akawa anairuka hatua hiyo na kusaini fomu. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya jimbo ikasema matokeo ya mashine alizozishughulikia hayapokelewi. Vipimo zaidi ya 20,000. Mashine zilikuwa nzima, na huenda zilisoma sawasawa. Kilichokosekana ni uthibitisho.

Mama Tumsifu:
Nimewasoma tangu jana nikajizuia, sasa nitasema.

Shemeji yangu aligongwa na gari akiwa kwenye pikipiki. Dereva alipimwa, akasoma juu sana, watu wote walimwona hawezi kusimama. Kesi ikapigwa kalenda. Askari aliyempima akahamishwa mkoa, hakuja. Aliyekuja akasema yeye hakuwepo siku hiyo, amepewa faili tu. Karatasi ikakataliwa. Yule dereva anaendesha mpaka leo, tunapishana naye sokoni. Shemeji anatembelea magongo.

Kwa hiyo mnaposhangilia mashimo, mjue kuna mtu upande wa pili.

Mzee wa Kiboriloni:
Pole sana mwanangu. Ndicho nilichokuwa nasema.

Wakili wa Sekei:
Pole sana mama. Sishangilii. Kesi ya shemeji yako imeharibiwa na walewale walioandika kikaratasi bila saini cha huyu kijana. Kama wangeleta cheti cha mashine, wangeita watu waliomwona hawezi kusimama, na wangemchukua damu, kuhamishwa kwa askari mmoja kusingeiua kesi. Damu ikipelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, ofisi ya kanda iko hapahapa Arusha, na ripoti ya mkemia inapokelewa mahakamani kwa njia rahisi zaidi chini ya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, na mshitakiwa anaweza kuomba mkemia aitwe. Kwa ajali yenye majeruhi, kutegemea pumzi peke yake ni uzembe.

Afande Mstaafu:
Mama, pole. Na hospitali zenyewe usiku, umpate daktari wa kumtoa damu dereva wakati majeruhi watatu wako sakafuni? Nimewahi kusubiri mpaka alfajiri, mtuhumiwa akawa amelala usingizi na kuamka mzima.

Maabara Moja:
Na hiyo nayo ni hesabu. Mwili unaondoa takriban miligramu 15 katika mililita 100 kwa saa, wengine chini kidogo, wengine zaidi. Ukichelewa saa nne umepoteza kama 60. Aliyekuwa na 130 wakati wa ajali anaonekana na 70, mzima wa sheria.

Mwanakihamba:
Mama Tumsifu pole sana, na umenigusa kweli. Simtafutii mdogo wangu mlango wa nyuma. Nilitaka kujua tu kama akubali kosa kama wazee wanavyotaka.

Wakili wa Sekei:
Kama anajua alikuwa amelewa, akiri. Kukiri mapema kunapunguza adhabu, na hilo ni halali kabisa. Kukiri kwa sababu wazee wamechoka na nauli ya kwenda mahakamani, hapana.

Atambue kinachotokea akikiri. Hakimu anamsomea shitaka kwa lugha anayoielewa, anajibu. Akisema "ni kweli," mwendesha mashitaka anasoma maelezo ya kosa, naye anaulizwa kama maelezo hayo ni sahihi. Utaratibu huu uko kwenye kesi ya Adan ya 1973, na bado unashika. Hapo ndipo watu wanapojimaliza. Wanasikia "alipimwa akakutwa na 0.42 kinyume cha sheria," wanajibu "ni kweli," wakimaanisha ni kweli nilipimwa. Baada ya hapo hakuna shahidi, hakuna cheti, hakuna swali la kizio. Yote tuliyoandika humu tangu juzi yamefutika kwa maneno mawili. Na rufaa baada ya kukiri kwa kawaida ni juu ya adhabu tu, si juu ya hatia. Milango iliyobaki ni michache, imetajwa kwenye kesi ya Laurent Mpinga ya 1983: maelezo hayakujitosheleza, hakuelewa shitaka, shitaka halikuonyesha kosa lolote kisheria, na la namna hiyo.

Anaruhusiwa kusema: "Nilipuliza, ndiyo, lakini sikubali kwamba nilizidi kiwango." Hilo si kukiri. Hakimu ataandika amekana, kesi itapangiwa mashahidi.

Halafu, mkipitia vifungu, sheria zetu zimetolewa upya kwenye Toleo la 2023 lililoanza kutumika Julai 2025 na namba nyingi zimehama. Msije mahakamani na namba za gugo.

Kijana wa Sakina:
Wakili, na kama askari hakufuata hatua hizo za afande, ushahidi unatupwa moja kwa moja?

Wakili wa Sekei:
Si moja kwa moja. Yale ya kusubiri na kuonyesha sifuri ni utaratibu mzuri wa kazi, yakikosekana yanapunguza uzito wa kipimo. Kilichopatikana kwa kuvunja sheria ni habari nyingine: Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inasema ukileta pingamizi, mahakama isikipokee mpaka iridhike kwamba kukipokea kuna manufaa mahususi kwa umma bila kuumiza haki za mtu isivyostahili, na anayetaka kipokelewe ndiye mwenye mzigo wa kuiridhisha. Lakini usipopinga, unanyamaza, kimepita.

Dereva wa Porini:
Mimi swali langu ni la pembeni kidogo. Nabeba watalii. Kampuni yetu imenunua kidude chake, kila alfajiri kabla ya kuchukua wageni tunapuliza getini. Mwenzangu alisoma 0.10 akafukuzwa palepale. Hakuna askari, hakuna mahakama. Hiyo nayo ni ushahidi?

Wakili wa Sekei:
Hiyo ni ya kazini, mizani ni nyingine. Mwajiri hahitaji kuthibitisha bila kuacha shaka, anahitaji kuonyesha sababu halali na kwamba alifuata utaratibu: akuambie tuhuma, akupe muda, akusikilize ukiwa na mwenzako au mtu wa chama. Kufukuzwa getini bila kusikilizwa, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi hawatakipenda hata kama kidude kilisema kweli. Ana siku 30 za kupeleka shauri, asilale.

Dereva wa Porini:
Zimebaki chache. Nitampigia. Ila yeye anaapa aliacha kunywa saa sita usiku, na kapimwa saa kumi na mbili asubuhi. Amelala vizuri, ameoga, amekunywa chai. Inawezekanaje?

Maabara Moja:
Chukua hesabu ya juu. Kama saa sita usiku alikuwa na 150, kwa saa sita mwili umeondoa kama 90. Amebaki na 60. Chai haiongezi kasi, wala kuoga. Ila muulize kwanza kile kidude cha getini kinasoma kwa kizio gani, na mara ya mwisho kimehakikiwa lini.

Dereva wa Porini:
Kimenunuliwa mtandaoni. Kina stika ya moyo.